Chumvi ya Ng'ombe Isigeuke Chambo cha Swala

Ndugu mfugaji,

Kiangazi kinapokaza, majani yakawa makavu na ng'ombe wakaanza kulamba udongo, kunywa mkojo wa wenzao na kutafuna mifupa, kila mwenye mifugo anajua wanadai nini. Wanadai chumvi na madini. Unakwenda Mpanda mjini, Inyonga au Majimoto, unanunua chumvi ya mawe au jiwe la madini, unarudi nyumbani. Hadi hapo umefanya vizuri. Kipeperushi hiki kinahusu hatua inayofuata: hiyo chumvi unaiweka wapi?

Swali linaonekana dogo. Lakini katika mkoa wetu wa Katavi, ambako malisho yetu yanapakana na wanyamapori karibu kila upande, jibu lake linaweza kukuletea maziwa au kukupeleka mahakamani. Chumvi ileile iliyo dawa kwa ng'ombe ikiwa zizini, ikiwekwa porini karibu na mtego inaitwa chambo. Na kuwinda kwa chambo ni kosa la jinai.

Kwa nini naandika haya

Kiangazi kimoja niliitwa kwenye boma la mfugaji ambaye ng'ombe wake walikuwa wamekonda na wawili walikuwa wametupa mimba. Niliwaangalia, nikashauri mambo kadhaa, mojawapo ni kuwapa chumvi na madini. Nikaondoka. Sikusema iwekwe wapi.

Baada ya wiki chache niliitwa tena. Safari hii ng'ombe wa maziwa alikuwa amerudi jioni akichechemea, waya umezama mguuni juu ya kwato hadi kwenye mfupa. Niliuliza waya umetoka wapi. Wazee walinyamaza, mama mwenye nyumba ndiye aliyenijibu. Vijana walikuwa wamelichukua jiwe la chumvi, wakaliweka chini ya mti karibu na korongo lenye maji, mwendo mrefu kutoka nyumbani. Mchana ng'ombe wanalamba. Usiku swala na ngiri wanakuja. Kandokando wakatega matanzi ya waya. Kijana mmoja aliniambia bila kuficha: "Tuliweka kwa ajili ya ng'ombe. Swala akija ni bahati yetu."

Ng'ombe yule hakupona. Alichinjwa, na watoto wa boma lile wakakosa maziwa kiangazi kizima kwa sababu ya mtego wa kaka zao. Hata hivyo walikuwa na bahati. Kama askari wa wanyamapori wangefika kabla yangu, wangekuta jiwe la chumvi, matanzi na nyama iliyokaushwa mahali pamoja, na hapo maelezo ya "kwa ajili ya ng'ombe" yasingesaidia kitu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilisema "wapeni chumvi" nikaishia hapo. Leo namalizia sentensi ile.

Sheria inasema nini

Sheria inayohusika ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Inatumika nchi nzima, si ndani ya hifadhi peke yake. Swala aliye kwenye ardhi ya kijiji chako, hata aliye kwenye shamba lako la mahindi, ni mali ya umma chini ya sheria hiyo. Huwezi kumwinda bila leseni.

Watu wengi wanadhani kuwinda ni kupiga risasi au kurusha mkuki. Sheria inatazama mbali zaidi. Kutega, kuvizia, kumfukuza mnyama ili umkamate, yote ni kuwinda. Mtego ambao bado haujanasa kitu tayari una kesi.

Na hata mwenye leseni hawindi atakavyo. Sheria imetaja njia zinazokatazwa, isipokuwa kwa ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori iliyotolewa kabla. Zinazotuhusu zaidi sisi wafugaji ni hizi:

1. Kutumia chambo, sumu, au chambo chenye sumu. Chambo ni kitu chochote unachoweka ili mnyama aje mahali unapomtaka: nyama, matunda, nafaka, na pia chumvi.

2. Kutumia matanzi, nyavu, mitego ya chuma, mashimo, uzio, au maficho ya kuvizia.

3. Kutumia mbwa au mnyama yeyote wa kufugwa. Mfugaji aiangalie sana hii. Mbwa anayelinda mbuzi hana kosa. Mbwa uliyemtuma akamate swala amekuingiza kwenye kosa.

4. Kuwinda usiku, au kwa kumulika taa.

5. Kuwasha moto ili kuwazunguka wanyama na kuwatoa mafichoni.

6. Kuwinda ndani ya mita 500 kutoka kwenye maji ya kudumu, dimbwi, mahali wanapokunywa wanyama, au mahali wanapolamba chumvi.

Hii ya sita inajibu swali ninaloulizwa mara nyingi: "Kama sikuweka chumvi mimi, bali ni chumvi ya Mungu iliyo ardhini, naweza kuvizia pale?" Hapana. Wote tunayajua maeneo yale ambayo udongo una chumvichumvi na wanyama wamechimba mashimo kwa ndimi na pembe, au kichuguu kilicholambwa hadi kikabaki nusu. Mnyama anafika pale kwa sababu mwili wake unamlazimisha, kama unavyokulazimisha wewe kwenda kisimani. Ndiyo maana sheria inamlinda hapo.

Mnayoyaona kwa wawindaji wa kitalii

Baadhi yenu mmefanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji na mmeona nyama ikitundikwa juu ya mti ili chui aje. Mnauliza kwa nini wao waruhusiwe na mwananchi afungwe. Swali ni la haki na linastahili jibu la wazi. Chambo kile hakiruhusiwi kwa sababu mwindaji ni mgeni au ni tajiri. Kinaruhusiwa pale tu ambapo kuna kibali cha maandishi, leseni ya mnyama yule, mgawo wa idadi, na msimamizi wa serikali. Bila karatasi hizo naye ni jangili kama mwingine. Mtanzania naye anaweza kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji kupitia ofisi za wanyamapori na kuwinda katika msimu na eneo lililotajwa kwenye leseni. Lakini leseni ya kawaida haimpi ruhusa ya kutumia chambo wala matanzi.

Mipaka yetu

Kuna maeneo ambayo chumvi yako, mbwa wako na ng'ombe wako havitakiwi kufika kabisa.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Eneo lake ni kilomita za mraba 4,471, na inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA. Ndani yake hakuna kuwinda kwa leseni yoyote na hakuna kuchunga. Kusini mashariki yake kuna Mapori ya Akiba ya Rukwa na Lukwati, yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Kuchunga ndani ya pori la akiba ni kosa, na mahakama inaweza kuamuru faini, kifungo, au mifugo itaifishwe. Upande wa kaskazini mashariki lipo lililokuwa Pori la Akiba la Ugalla, ambalo tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Aliyezoea taratibu za zamani za eneo lile ajue kwamba zimebadilika.

Kuna njia moja ya kuingia kwenye kosa hata bila kukusudia. Ukiweka chumvi karibu na mpaka wa hifadhi, ng'ombe wako watazoea mahali pale. Siku ambayo mchungaji ni mtoto, au amesinzia, watakwenda wenyewe pale na kupitiliza. Ng'ombe hasomi kibao cha mpaka. Atakayeulizwa ni mwenye ng'ombe.

Nyara: mfupa nao unafunga

Nyama, ngozi, pembe, meno, kwato, manyoya na mifupa ya mnyamapori vyote huitwa nyara za serikali. Kukutwa navyo bila kibali ni kosa peke yake, hata kama hakuna aliyekuona ukiwinda. Kwa makosa mazito ya nyara, sheria inataja kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30. Piga hesabu: kijana anayeingia akiwa na miaka 20 anatoka akiwa mzee, na waliomtegemea wamekwisha kutawanyika.

Ukikutwa na nyama, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha umeipata kihalali. "Nimepewa na jirani" au "nimemkuta amekufa" si kibali.

Hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Wafugaji wengi mnajua kwamba ng'ombe anayetafuna mifupa amepungukiwa fosforasi, na baadhi yenu mnaokota mifupa porini, mnaichoma na kuisaga mwape ng'ombe. Ujuzi wenyewe ni mzuri. Lakini mfupa wa nyati au pofu uliouokota porini ni nyara ya serikali ikiwa ndani ya gunia lako. Tumia mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni palipo na ukaguzi wa nyama, basi.

Magonjwa yanayokaa kwenye jiwe la chumvi

Tuseme wewe huna haja na nyama ya porini, na umeweka jiwe la chumvi mbali na nyumbani kwa sababu tu ndiko malisho yaliko. Hujatega kitu. Sheria haikushiki kwa hilo, maana chambo ni kosa pale kinapotumiwa kuwinda. Lakini mimi kama mtu wa mifugo bado nitakuambia liondoe.

Jiwe moja likilambwa na nyati, ngiri, swala na ng'ombe, mate ya wote yanakutana hapo. Kwato za wote zinakanyaga udongo uleule, na kupe walioanguka kutoka kwa mmoja wanamngojea mwingine kwenye majani ya jirani. Magonjwa ninayoyahofia ni haya:

Miguu na midomo. Nyati anaweza kubeba virusi vya ugonjwa huu muda mrefu bila kuonekana mgonjwa. Ng'ombe wako atatoka malengelenge mdomoni na kwatoni, atashindwa kula, na mnada wa eneo zima unaweza kufungwa.

Ndigana kali. Kupe aliyenyonya damu ya nyati anaweza kumpa ng'ombe ndigana inayoua upesi sana. Chanjo ya ndigana inayotumika sasa haimkingi vizuri ng'ombe dhidi ya vimelea vinavyotoka kwa nyati. Ukiona ng'ombe ana homa, matezi ya chini ya masikio yamevimba na anapumua kwa shida, usingoje kesho.

Kutupa mimba na kifua kikuu cha ng'ombe. Vyote viwili vinaweza kupita kati ya wanyamapori na mifugo, na vyote vinaweza kumfikia binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa. Mama unayekamua, chemsha maziwa ya nyumbani kabla ya kuwapa watoto.

Kimeta. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo miaka mingi. Mnyama mwenye njaa ya chumvi anayelamba ardhi au kutafuna mfupa mahali ambapo mzoga wa kimeta ulioza anaweza kuuchukua. Mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au nyuma, usimchune, usimpasue, usile nyama yake, awe wa kufugwa au wa porini. Kimeta kinaua watu. Toa taarifa mara moja. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, kutoa taarifa ya magonjwa kama haya ni wajibu wako.

Jambo hili wenzetu wa mbali wamelijifunza kwa gharama kubwa. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, wawindaji na wenyeji walikuwa na desturi ya kuwarundikia chakula kulungu wa huko, wanyama wa jamii inayofanana na swala wetu, ili waje karibu na wawe wengi. Katikati ya miaka ya 1990 ikaonekana kwamba kifua kikuu cha ng'ombe kimeenea kati ya kulungu wa eneo moja la jimbo hilo, na mwaka 1998 kikagundulika kwenye zizi la ng'ombe. Wataalamu waliona kwamba kuwakusanya wanyama wengi kwenye chakula kimoja kulisaidia ugonjwa kuenea, na serikali ya jimbo ikaweka marufuku ya kuwawekea chakula na chambo katika eneo lililoathirika. Majimbo mengine ya nchi hiyo yamekataza pia mawe ya chumvi kwa kulungu, kwa hofu ya ugonjwa mwingine unaodhoofisha ubongo wao, ambao ulionekana kwanza mwaka 1967 katika jimbo la Colorado na mpaka leo hauna dawa wala chanjo. Nchi ni tofauti, lakini mate ni mate. Penye jiwe moja la kulambwa na wote, ugonjwa wa mmoja ni wa wote.

Namna ya kutoa chumvi ipasavyo

Sasa sentensi niliyoiacha njiani. Wape ng'ombe chumvi hivi:

Mahali. Weka ndani ya zizi au ubavuni mwa nyumba, mahali unapopaona ukiwa umekaa. Wakati mzuri ni jioni mifugo inaporudi, au asubuhi kabla ya kutoka. Mifugo inayojua kwamba chumvi iko nyumbani hurudi mapema na haisumbui mchungaji. Hiyo ni faida ambayo wazee wetu waliijua zamani.

Chombo. Usimwage chini. Chonga kihori cha gogo, au pasua pipa la plastiki katikati, ukiinue hadi usawa wa kifua cha ndama. Tengeneza paa dogo la nyasi juu yake, maana mvua ikinyesha chumvi yako inakwenda na maji. Kama ni jiwe, lifunge kwa kamba au liweke kihorini ili lisigaragare kwenye kinyesi.

Kiasi. Ng'ombe mkubwa anahitaji kama gramu 30 za chumvi kwa siku, karibu vijiko viwili vya chakula visivyojaa. Mbuzi au kondoo anatosheka na gramu 5 hadi 10. Kwa ng'ombe 20 ni gramu 600 kwa siku, yaani kilo 18 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani ili ununue ya kutosha mwezi mzima.

Kuanza. Ng'ombe aliyekaa muda mrefu bila chumvi akiipata nyingi kwa mara moja atakula kupita kiasi na anaweza kufa, hasa kama hana maji. Wiki ya kwanza toa kidogo kidogo. Hakikisha wamekunywa maji ya kutosha siku hiyo.

Mchanganyiko. Chumvi peke yake haina fosforasi. Ukitaka mchanganyiko wa nyumbani, changanya sehemu moja ya chumvi na sehemu moja ya majivu ya mifupa. Mifupa itoke machinjioni, ichomwe hadi iwe myeupe na kuvunjika kirahisi mkononi, ndipo isagwe. Usisage mifupa mibichi. Mawe ya madini yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo yana shaba, zinki na madini mengine pia. Soma lebo, au mpe kijana wa shule akusomee. La ng'ombe usimpe kondoo, kwa sababu shaba nyingi humdhuru.

Hatari. Usiwape mbolea ya shambani kama chumvi, hata kama inafanana nayo kwa rangi. Mawe yenye yurea wapewe ng'ombe wakubwa tu, kwa maelekezo ya mtaalamu. Ndama na yurea havipatani.

Usiku. Kama boma lako liko karibu na njia ya wanyama, funika kihori au kiingize ndani. Tembo ananusa chumvi kutoka mbali, na akija kuifuata hatabisha hodi.

Ukiwa kwenye kambi ya kuhamahama. Beba chumvi, usiache mabaki. Toa asubuhi na jioni mbele yako, kisha kusanya iliyobaki. Mnapohama, chimbueni udongo ulioloa chumvi na kuusambaza. Jiwe la chumvi lililoachwa kwenye kambi tupu litakusanya wanyama, na atakayekuja nyuma yako na matanzi atakuachia jina baya.

Maswali ninayoulizwa

"Swala wamekuja wenyewe kulamba chumvi bomani kwangu. Nimevunja sheria?" Hapana. Wafukuze kwa kelele, kisha hamisha au funika kihori. Ukimuua hata mmoja, mambo yamebadilika.

"Nimekuta swala amenaswa kwenye mtego wa mtu mwingine. Nimchukue, kuliko nyama kuoza?" Usimguse. Mweleze mwenyekiti wa kijiji au askari wa wanyamapori ukiwa na shahidi. Anayekutwa na nyama mkononi ndiye anayeulizwa kwanza.

"Simba amekula ng'ombe wangu. Nikipaka sumu kwenye mzoga, atarudi na kufa. Kuna ubaya gani?" Naielewa hasira hiyo, nimewaona ng'ombe waliouawa. Lakini huo ni uwindaji kwa chambo chenye sumu, na sumu haichagui. Watakufa fisi, tumbusi wanaotusafishia mizoga, na mbwa wako mwenyewe. Mtoto aliyegusa mzoga naye yumo hatarini. Dawa ya kuogeshea mifugo ni ya kupe, isiende kwenye nyama. Badala yake, usiondoe mzoga, toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji na kwa Afisa Wanyamapori wa Halmashauri ili waje kuona. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mifugo na mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Si fidia ya bei kamili, na hucheleweshwa wakati mwingine, lakini asiyetoa taarifa hapati kabisa. Pia haipatikani kwa ng'ombe aliyeuawa akiwa ndani ya hifadhi.

"Na simba akinivamia mimi?" Kuokoa maisha yako au ya mwingine pale ambapo hakuna njia nyingine si ujangili. Toa taarifa mara moja, na usichukue kucha, ngozi wala mafuta. Ukichukua, umejifungulia kesi.

"Tunataka nyama ya porini, tuipate wapi?" Kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu maduka ya nyamapori yenye leseni. Nunua huko, dai risiti, itunze mpaka nyama iishe.

Kaeni kikao cha nyumbani

Nimewaona wazee wema wakiingia matatani kwa mambo waliyofanya vijana porini, na vijana wakiingia matatani kwa kutumwa na wazee. Ndiyo maana naomba kipeperushi hiki kisibaki mfukoni mwa baba. Kisomwe jioni watu wote wakiwepo: baba, mama, wachungaji wa kuajiriwa, na watoto wanaochunga. Mchungaji wa kuajiriwa aambiwe wazi kwamba waya na tochi ya kuwindia havitakiwi kwenye boma hili. Mama, wewe ndiye unayejua chumvi imebaki kiasi gani. Ikiisha upesi kuliko hesabu ya ng'ombe, uliza inakwenda wapi.

Na kama tayari kuna matanzi porini yaliyotegwa na watu wa nyumba yako, yaondoeni leo. Kabla ya kuyabeba, zungumzeni na mwenyekiti wa kijiji, ili msikutwe njiani na waya mkononi mkiwa mnafanya jambo jema.

Kumbuka

- Chumvi ya mifugo ikae nyumbani, kihorini, machoni pako.
- Chumvi iliyowekwa porini ili kuvuta mnyama wa kuwindwa ni chambo, na chambo ni kosa hata kwa mwenye leseni asiye na ruhusa ya maandishi.
- Usivizie kwenye maji wala mahali wanyama wanapolamba. Kaa mbali zaidi ya mita 500.
- Usiokote mifupa, pembe wala ngozi ya mnyamapori.
- Usiweke sumu kwenye mzoga. Toa taarifa.
- Mnyama aliyekufa ghafla asichunwe wala kuliwa.

Ukiwa na swali kuhusu kiasi cha chumvi, dawa au ugonjwa, mwone afisa ugani mifugo wa kata yako. Swali la leseni, mpaka au mnyama mharibifu, mwone Afisa Wanyamapori wa Halmashauri yako, iwe Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele au Mpimbwe. Kuuliza hakutozwi.

Afisa Ugani Mifugo
Mpanda, Katavi